Imla ya Baba

Mwezi uliopita walinijia mabinti watatu kutoka mjini, wamevaa vizuri, wana adabu zao, wakaweka chombo chao cha kurikodia juu ya mkeka, baina yangu na sahani ya halua. Walitaka niwaeleze wanawake wa Pemba walivyoamka. Ndilo neno lao hilo: walivyoamka. Nikawauliza, kwani tulikuwa tumelala? Mwanamke ambaye jua likichomoza keshateka maji, keshatwanga, keshanyonyesha, leo aambiwe alikuwa kalala! Wakacheka. Yule mdogo wao akasema, "Samahani bibi, tunakusudia habari za haki. Kura ya mwanzo ya wanawake. Tumeambiwa wewe ulikuwepo."

Nilikuwepo. Nikawapa waliyoyataka: mistari ya mabuibui, kanga mpya, vigelegele. Wakafurahi. Wakati wa kuaga wakaniuliza kama ninacho kitu chochote cha zama zile, picha au karatasi, wakakiweke kwenye maonyesho yao. Nikasema sina. Nilisema uongo, Mungu anisamehe. Ninayo karatasi moja, imo ndani ya sanduku la mama, chini ya kanga zake. Walipoondoka nilijilaza, usingizi wa mchana ukanikataa, nikaona afadhali niyaandike mwenyewe. Kuandika ndiyo kazi niliyoijua mapema kuliko wenzangu, na ndiyo iliyoniponza.

Tulikuwa tukikaa kijiji kimoja nje kidogo ya Chake. Baba alikuwa na mikarafuu yake na muhogo wake, mama alikuwa wa Pujini, na mimi nilikuwa mtoto wao wa pekee aliyeishi. Wawili walionitangulia walikufa wachanga. Nayasema haya ili ijulikane kwamba ile nyumba haikuwa nyumba ya ugomvi. Baba alikuwa akitoka shamba na embe moja nzuri ameifunga kwenye kikoi, halafu ananipa mimi nimpe mama, yeye mwenyewe akiona haya. Mama akiipokea alikuwa akisema, "Mwambie aliyeileta kuwa ina tundu," hata kama haina. Baba alikuwa akicheka peke yake huko barazani.

Wote wawili walipitia chuo cha Kurani, na wote wawili hawakujua kuandika, lakini kila mmoja kwa sababu yake. Baba aliondoka chuoni mapema kwa kuwa baba yake alikufa, ikabidi apande mikarafuu badala ya kukaa na ubao. Mama yeye hakuondoka. Alihitimu msahafu mara mbili kabla hajavunja ungo, na sauti yake ilikuwa ikisifiwa mpaka kijiji cha pili. Lakini babu yangu alikuwa amemwambia mwalimu maneno waliyoyasema wazee wengi wakati ule: huyu binti msomeshe asome, kalamu usimpe. Mtoto wa kike akijua kusoma atamjua Mola wake. Akijua kuandika ataandikia wanaume barua. Hiyo ndiyo hofu yao yote, barua! Wavulana walipewa ubao na wino wa masizi, wasichana wakapewa kukariri. Mama aliwahi kuichukua kalamu ya mwanzi ya kaka yake akachora alifu ukutani, akachapwa vidole. Alikuwa akinionyesha kidole chenyewe, ingawa hakikuwa na alama yoyote.

Mimi nilipofika umri wa kusoma, skuli ya wasichana ilikuwa imekwisha funguliwa mjini Chake, na baba akanipeleka. Ndiyo, baba. Sitaki mtu aseme nimemsingizia. Watu wa baraza walimcheka wakachoka. Wakamwambia, "Bwana we, mwanao atajifunza kuandika, halafu utalia." Baba akawajibu kwa sauti ambayo mpaka sisi uani tuliisikia, "Na aandike! Ataniandikia mie."

Na kweli nilimwandikia. Kabla yangu alikuwa akimwendea mwenye duka ili aandikiwe barua, na mwenye duka alikuwa akizijua siri zake zote. Sasa alikaa juu ya mkeka, akakunja miguu, akatamka, nami nikaandika. Barua nyingi zilikwenda kwa kaka yake Micheweni: habari za mvua, za mgonjwa, za mbuzi aliyezaa. Nikimaliza alikuwa akiniambia, "Soma." Nikamsomea naye kafumba macho, na mwisho akasema, "Hivyo hivyo. Hukuzidisha wala hukupunguza." Sikuwahi kupata sifa nzuri kuliko hiyo.

Kutokuzidisha na kutokupunguza nilifundishwa skuli. Mwalimu wetu alikuwa bibi mmoja wa kutoka Unguja, mwembamba, mkali wa macho tu. Kila Jumatano alitupa imla. Alisoma sentensi mara mbili, nasi tukaandika, na mwenye kubadilisha neno hata kwa jingine zuri zaidi alikatwa alama. "Andika ulichokisikia," alikuwa akisema, "si ulichokitaka." Mimi nilikuwa wa kwanza katika imla mwaka mzima. Mama alikuwa akiwaambia majirani kisimani, na majirani wakijifanya hawasikii.

Basi zikaja zile zama ambazo sisi watu wazima tunaziita zama za siasa, na aliyekuwepo hahitaji kuelezwa zaidi. Vyama vikaingia kati ya watu. Huyu hamziki yule. Huyu hateki maji kisima cha yule. Ndoa zilizodumu miaka zikavunjika kwa sababu ya bendera iliyotundikwa mlangoni. Baba alikuwa na chama chake, kaka zake mama kule Pujini walikuwa na chao, na ilifika Idi moja hatukwenda Pujini. Mama alipika, akapakua, akala mbele yetu. Baada ya kula akaenda kuosha vyungu ambavyo alikuwa keshaviosha.

Mara ikaja habari kwamba uchaguzi unaokuja na wanawake watapiga. Masharti yalikuwa mengi, siyakumbuki yote, lakini lililomgusa mwanamke wa umri wa mama lilikuwa hili: ajue kusoma na kuandika. Loo, hapo ungewaona wanaume! Walewale waliokuwa wakisema kalamu itawaharibu binti zao, sasa wanahangaika huku na huku kutafuta wa kuwafundisha wake zao. Wiki moja tu, na hofu ya barua imekwisha. Hakuna mwanamke aliyewaomba. Chama ndicho kilichohitaji mikono. Mabinti walionijia niliwaambia jambo hili, nao wakaliandika kwa wino mwekundu. Mimi ningeliandika kwa wino wowote.

Baba alinijia nikiwa na mama, tunachambua karafuu kutoka kwenye makonyo, vile vijiti vyake. Akasema, "Mwanangu, mfunze mama yako kuandika." Akasema kama mtu anayeagiza chumvi. Mama aliinamisha kichwa akaendelea kuchambua, lakini niliona mikono yake imepoteza mwendo, anatupa karafuu upande wa makonyo na makonyo upande wa karafuu.

Tulianza siku ile ile baada ya alasiri. Karatasi nilikuwa nazo chache, za skuli, zenye kuhesabiwa. Basi tukatumia makonyo. Nilimpangia herufi juu ya jamvi, vijiti viwili vikisimama na kimoja katikati, naye akapanga kwa pembeni. Alikuwa mwepesi ajabu. Alikwisha jua siri ya kusoma tangu utoto, kwamba alama ni sauti. Akawa anabadilisha alama tu, za Kiarabu kwa hizi za skuli. Siku ya tatu akapanga jina lake zima, herufi sita, kubwa, kutoka ukingo wa jamvi mpaka ukingo. Akasimama, akaliangalia kutoka juu, mkono kiunoni.

"Ndo mie huyo?"

"Ndiye, mama."

"Mbona mrefu hivyo?" akasema, akacheka mpaka akafuta macho kwa upindo wa kanga. Baba alipopita alimwambia, "Usinikanyage!" Baba akaruka pembeni bila kujua kwa nini, na siku ile tulicheka wote watatu. Nadhani ndiyo mara ya mwisho.

Majuma machache kabla ya kura akaja mwanamke mmoja wa chama cha baba, kutoka mjini, akipita nyumba kwa nyumba. Wanawake wakakusanyika uani kwetu, kiasi cha kumi na tano, wengine wameacha vyungu jikoni. Alieleza vizuri. Alichora mchangani pahala pa kutia alama, akaonyesha karatasi inavyokunjwa. Kisha akasema, "Na jueni, kura ni siri. Ukiwa nyuma ya pazia, uko peke yako na Mola wako. Hana haki mtu ya kukuuliza."

Mama, ambaye hakuwa na tabia ya kuzungumza mbele za watu, akauliza, "Hata mume?"

"Hata mume, bibi. Hata mtoto uliyemzaa."

Wanawake wakapiga kelele za kicheko. Mmoja akasema, "Ala! Basi tutafichana mpaka humo!" Mama peke yake hakucheka. Alikuwa ameshika kidole chake kile cha kuchapwa, anakitazama.

Siku ya kura nilikwenda naye. Wanaume walikuwa na mstari wao na wanawake wao, na wa wanawake ulikuwa mrefu zaidi, umezunguka skuli, mweusi wa mabuibui mtupu. Walinukia udi kana kwamba wanakwenda harusini. Vibibi vililetwa kwa mikokoteni ya ng'ombe. Waliokuwa hawasalimiani wakasimama pamoja, mmoja akawa anamshikia mwenzake mtoto. Hayo ndiyo niliyowaeleza wale mabinti, na yote ni kweli. Mama aliingia, nikabaki nje na kikapu. Alipotoka alikuwa amebadilika uso, sijui nisemeje, amekuwa kama mtu aliyesikia habari njema na akaambiwa asiitangaze bado.

Njiani akaniambia, "Unajua, tangu kuzaliwa kwangu sijapata kuingia pahala pasi na mtu wa kunipeleka. Hata chumba cha harusi niliingizwa. Leo palikuwa na pazia, na mie, na kalamu."

Mtu wa chama cha baba alishindwa. Angekuwa ameshindwa kwa mbali, labda leo ningekuwa na hadithi nyingine. Alishindwa kwa kidogo mno, kwa kiasi ambacho mwanamke mmoja au wawili wangeweza kukigeuza. Basi kila mume katika kijiji akarudi nyumbani akamtazama mkewe. Wengine waliuliza wakajibiwa, na jibu likiwa la kweli au la uongo, yakaisha. Baba naye aliuliza. Tulikuwa tunakula.

"Ulipiga wapi?"

Mama akasema, "Kura ni siri, mume wangu."

Baba akadhani mzaha, akatabasamu. Siku ya pili akauliza tena bila kutabasamu. Siku ya tatu alirudi kutoka baraza ametota jasho na hakukuwa na jua. Huko mtu alikuwa amemwambia mbele ya wote kwamba nyumba yake ina milango miwili, mmoja unatazama Pujini. Akamwita mama mbele yangu, na sauti yake haikuwa ya ukali. Ilikuwa ya kuomba. "Niambie tu," akasema. "Sema ulimpigia wetu. Ukisema nitakuamini, wallahi. Nitakwenda kuwaambia, na litakuwa limekwisha."

Mama akasema maneno ambayo nayajua kwa moyo: "Nguo zangu ni zako. Chakula changu ni chako. Nikitaka kwenda kuzika ruhusa ni yako, na Idi hii umeninyima kwetu nikanyamaza. Hili moja niachie, mume wangu. Si kubwa. Niachie."

Ningemwelewa baba leo kama angepiga kelele. Hakupiga. Alitoka akaenda zake, na nilimsikia akijikwaa kwenye kizingiti alichokivuka maisha yake yote.

Asubuhi yake, kabla sijakwenda skuli, aliniita chumba cha mbele. Alikuwa amekunja miguu juu ya mkeka ule ule. Akaniambia lete karatasi na kalamu. Nikadhani ni Micheweni. Nikachana karatasi katika daftari langu, nikaikunja pembezoni kwa mstari kama tulivyofundishwa, nikakaa tayari.

Akatamka. "Mimi, fulani mwana wa fulani, nimemwacha mke wangu, fulani binti fulani." Majina yetu yote akayataja. Mkono wangu ukasimama. Akasema, bila kunitazama, "Andika." Kisha akasema, "Talaka tatu."

Nilikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Nilikuwa najua talaka ni nini, hakuna mtoto wa kike asiyejua. Nilijua kuwa moja ina marejeo, mume akijuta ndani ya eda humrejea mkewe na maisha yakaendelea, na tatu haina. Nilijua yote hayo. Akarudia mara ya pili, kama mwalimu, "Talaka tatu," nami nikaandika. Sikuzidisha wala sikupunguza. Nikaweka na nukta mwisho.

Siku ile hakuniambia, "Soma."

Hapo ndipo ninapokwama, miaka yote hii. Hakuniambia nisome. Hakujua kusoma herufi zile. Ningeandika "moja" asingejua. Ningeandika habari za mvua asingejua. Nimewauliza mashehe zaidi ya mmoja, nao wananiambia kwa upole kwamba neno likishatoka kinywani limetoka, karatasi ni karatasi tu, wewe mtoto huna dhambi. Najua. Sheria naijua. Lakini humo chumbani tulikuwa wawili, na mmoja alikuwa na hasira ambayo haikumaliza mwezi, na mwingine alikuwa na kalamu. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Kwa nini nilikuwa hodari vile? Kwa nini sikuwa mjinga siku moja tu?

Akaikunja, akanipa. "Mpe mama yako."

Mama alikuwa uani, amekalia mbuzi, anakuna nazi. Alinitazama, akaona karatasi, akapangusa mikono. "Barua? Ya nani?" Nikamnyooshea. Akaifungua, na masikini ya Mungu, uso wake ukachangamka, kwa kuwa aliona kwamba anaweza. Haikuwa jina lake tu, ilikuwa barua nzima, na anaweza! Akaanza kusoma kwa sauti, akikata silabi kama nilivyomfunza, kidole chini ya neno. "Mi-mi." Akafika kwenye jina la baba, akatabasamu. "Ni-me-m-wa-cha." Akalisoma lile neno kama sauti tu, bado hajalijua, akapita. "M-ke wa-ngu." Akalisoma jina lake mwenyewe, zile herufi sita, kwa haraka, maana hilo alilijua vizuri. Halafu sauti ikapungua. "Ta-la-ka." Kidole kikabaki pale. Neno la mwisho alilisoma kimya.

Sikumkimbilia. Nilisimama tu. Akanitazama, kisha akaikunja karatasi vile vile ilivyokuwa, akaitia ndani ya fundo la kanga, akaishika tena ile nazi akaikuna mpaka ikaisha. Akainuka. Akaniambia, "Tui usiliache mpaka jioni, litachacha."

Mchana ule kaka yake mama, kapelekewa habari Pujini, alikuja na gari la ng'ombe. Sanduku likapakiwa, na mkeka, na kinu chake kidogo. Mimi nilibakizwa. Ndivyo ilivyokuwa, mtoto ni wa baba, na tena skuli ilikuwa huku. Nililia mpaka nikapata homa, na shangazi aliyekuja kupika alinilaza, akanipaka mafuta ya mkarafuu kifuani, akasema ni jua.

Mwezi haujaisha, baba alikwisha kuwa mtu mwingine. Aliacha baraza. Alikuwa akirudi na embe ameifunga kikoini, anaiweka juu ya mkeka, inakaa mpaka inaoza. Akaenda kwa shehe, shehe akamweleza alichokuwa akikijua: ni mpaka mama aolewe na mume mwingine, ndoa ya kweli, aachike, akae eda, ndipo. Wakapatikana watu wa kutengeneza hilo, hawakosekani. Akatafutwa mzee wa kumuoa kwa juma moja tu, kisha amwache. Ujumbe ukapelekwa Pujini. Mama akajibu kwa mdomo wa kaka yake, "Mwambieni mie si mzigo wa kupitishwa kwa mtu halafu ukachukuliwe. Kama hakuweza kuniachia neno moja, asinitake mzima." Baba aliposikia aliingia chumbani akajifungia. Nilimsikia akilia. Nilimwonea huruma na nilimchukia, na mpaka leo sijui nilianza na lipi.

Uchaguzi ulirudiwa mwaka ule ule, miezi michache baadaye. Jina la mama lilikuwa katika daftari la kwetu, si la Pujini. Sikumtaraji. Nilikwenda kwa sababu skuli ilifungwa, nikasimama pembeni nikiangalia ule mstari mweusi. Mara nikaona mwendo. Miguu ina vumbi mpaka magotini, alikuwa ametembea tangu alfajiri. Baba alikuwa upande wa pili, katika mstari wa wanaume. Alimuona. Kila mtu alimuona. Mama alimtolea salamu kwa mbali, kwa adabu, kama mtu anavyomsalimu jirani, akaendelea kutazama mbele.

Nilimkimbilia nikajishindilia katika buibui lake. Nilitaka kumwambia. Nilikuwa nimejizoeza maneno miezi yote. Kabla sijafungua mdomo akaniinamia akasema taratibu, "Mwandiko wako umenyooka. Wangu bado unapinda." Akafungua fundo la kanga, akanionyesha karatasi ile. Nyuma yake, kwa mkaa, alikuwa ameandika jina lake, mstari chini ya mstari, mpaka pakajaa. "Karatasi nyingine sikuwa nayo," akasema, "na nilichelea kusahau."

Akaingia nyuma ya pazia, akatoka, akanibusu kichwani, akarudi zake Pujini kwa miguu.

Nilipokuwa mkubwa nikawa mwalimu. Baadaye yalipokuja madarasa ya watu wazima, niliwafundisha wanawake wengi, mamia, wengine wenye umri wa mama yangu. Niliwafundisha kila kitu isipokuwa imla. Wakaguzi walinisema, nikasema nimesahau. Baba alikufa hajaoa tena. Mama aliishi sana baada yake, hakuolewa, na kila uchaguzi alipiga kura mpaka miguu ikamkataa.

Siku zake za mwisho nilikuwa naye Pujini, nikimlisha uji kwa kijiko. Akili yake ilikuwa timamu, na ulimi wake ni ule ule. Asubuhi moja, watu wametoka, tumebaki wawili, sijui shetani gani alinipanda. Nilisema moyoni, akifa nalo sitalijua kamwe, na mimi ndiye niliyeandika ile karatasi, ninastahiki kujua ilikuwa kwa ajili ya nini. Pengine alimpigia wa baba, na yote yalikuwa bure. Pengine alimpigia wa kaka zake. Nikaweka kijiko, nikamuuliza.

"Mama, siku ile ya mwanzo. Ulimpigia nani?"

Hakukasirika. Ingekuwa kheri angekasirika. Alinitazama hivi, macho yamejaa machozi, kama alivyonitazama siku ile uani baada ya kusoma neno la mwisho.

"Hata weye?" akasema.

Akageuza uso ukutani. Uji ulipoa mkononi mwangu, na hakuula tena siku ile.